Kila Kiraka Kina Mwenyewe

Siku hizi kiraka ni fasheni. Pita katikati ya jiji Jumamosi jioni ujionee: jaketi la jinzi lililoungwa kwa suruali nne tofauti, mkoba wa mabaki ya kitenge, kofia yenye rangi saba. Kile kitu mama alikuwa anashona usiku ili asubuhi usichekwe shuleni, leo kinauzwa ghali, na muuzaji anakuapia ati hakuna kingine kama hicho duniani.

Mimi sina shida na hiyo. Napenda viraka, na nimejifunza kuvishona kwa mkono. Lakini kila picha ya nguo kama hizo ikisambaa mtandaoni, naona jina la duka, jina la mwanamitindo na jina la mpiga picha. Aliyeunganisha vile vipande je? Kimya. Na kimya hicho, wasee, kina historia ndefu.

Acha nikuonyeshe kwa kitu kidogo sana: mraba mmoja wa viraka, upana wa inchi 12. Mafundi wengi huuita bloku. Ukiunganisha bloku nyingi unapata uso wa mfarishi, lile tandiko zito la kujifunika ambalo lina kitambaa juu, kitambaa chini, na pamba katikati. Kwanza tuangalie bloku hii imetoka wapi. Halafu nitakuambia inavyoshonwa. Mwisho tuongee pesa, maana hapo ndipo maneno huwa moto.

Kijiji kwenye kona ya mto

Ukitafuta mahali ambapo historia ya viraka imehifadhiwa pamoja na majina ya washonaji, utafika Gee's Bend. Hiki ni kijiji cha watu weusi katika kaunti ya Wilcox, jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Mto Alabama umekizunguka pande tatu. Jina limetoka kwa Joseph Gee, mzungu aliyefika hapo 1816 akaanzisha shamba la pamba. Mwaka 1845 shamba likaingia mikononi mwa jamaa yake, Mark Pettway, kwa sababu ya deni. Mwaka uliofuata Pettway akahama kutoka North Carolina kwenda huko na watumwa wapatao 100. Hao walienda kwa miguu.

Ebu tulia hapo kidogo. Ukipima kwenye ramani, ni kama kutembea kutoka Mombasa hadi Kampala.

Utumwa ulipoisha 1865, wengi walibaki palepale, wakilima pamba ileile kama wapangaji kwenye ardhi ya wengine. Walibaki pia na jina. Hadi leo ukisoma orodha ya washonaji wa Gee's Bend utakutana na Pettway, Pettway, Pettway. Usidhani wote ni ndugu wa damu. Hilo ni jina la mtu aliyewamiliki babu zao, na wajukuu ndio wamelipa heshima.

Maisha yalikuwa ya deni. Unakopa mbegu na unga, unavuna pamba, unalipa, unabaki na sifuri, unakopa tena. Mwaka 1932, bei ya pamba ikiwa imeanguka vibaya, mfanyabiashara aliyekuwa akiwakopesha alifariki. Familia yake ikaja kudai chake. Walibeba mifugo, majembe, chakula, hadi mbegu. Watu wa Gee's Bend wangekufa njaa kama si chakula cha msaada cha Msalaba Mwekundu. Baadaye serikali ya Marekani ilinunua yale mashamba, ikajenga nyumba, na miaka ya 1940 familia zikaanza kununua ardhi yao wenyewe kidogo kidogo.

Sasa weka mfarishi ndani ya picha hiyo. Nyumba za mbao zenye nyufa, upepo unaingia, na majira ya baridi ya Alabama si mchezo. Blanketi la dukani ni ndoto. Kilichopo ni ovaroli lililochakaa magotini, gauni lililopasuka kwapani, gunia la unga, gunia la mbolea. Wanawake walitenga sehemu zilizokuwa bado nzima, wakazikata au kuzirarua, wakaziunga. Katikati waliweka pamba iliyobaki. Kitanda kimoja kilihitaji mifarishi kadhaa ili watoto walale.

Kati ya hiyo yote, kuna mmoja ambao sijaweza kuusahau tangu niuone kwenye picha. Mwaka 1942 Missouri Pettway alifiwa na mume wake, Nathaniel. Akachukua nguo zake za kazi, zile za shambani, akazishona mfarishi, na binti yake Arlonzia akamsaidia. Miaka mingi baadaye Arlonzia alisimulia kwamba mama yake alitaka kitu cha kumkumbukia mume wake, ajifunike nacho. Ukiangalia ile kazi unaona buluu iliyopauka, kijivu, na doa hapa na pale. Sehemu zilizokuwa chini ya mfuko hazijapauka kama zingine, kwa hivyo umbo la mfuko bado linaonekana. Jasho la mtu liko pale. Leo mfarishi huo ni mali ya jumba la taifa la sanaa, mjini Washington.

Sasa tushone

Mtindo mmoja unaopendwa sana Gee's Bend unaitwa Housetop, yaani paa la nyumba. Jina linafaa, kwa sababu ukiutazama ni kama uko angani unaangalia paa: mraba katikati, na mistari inayouzunguka raundi kwa raundi. Ni rahisi kuliko unavyodhani na hauhitaji cherehani.

Kitambaa kwanza. Nenda kwa fundi wa mtaani kwenu umuombe mabaki. Kila fundi ana gunia la vipande ambavyo anangoja kutupa au kuuza kwa bei ya chini kama vya kujazia mito. Shati kuukuu la mtumba pia ni sawa. Chagua vitambaa vya uzito unaokaribiana, maana jinzi nzito ikishonwa na kitambaa laini kama cha blauzi, ile nzito itavuta nyepesi mpaka ipasuke. Fua kila kitu kwanza. Kitambaa kipya hurudi kikifuliwa, na rangi nyekundu inaweza kuchuja ikaharibu kazi yote. Halafu piga pasi.

Kata mraba mmoja wa inchi 3 na nusu kila upande. Huo ndio moyo wa bloku. Kisha kata vipande virefu vyenye upana wa inchi 2. Urefu usikusumbue kwanza, utavikata ukiendelea.

Chukua kipande kirefu cha kwanza, kilaze juu ya mraba, pande nzuri zikitazamana, kingo zikiwa sawa. Bana kwa pini. Shona kwa mkono, sindano ikiingia na kutoka kwa hatua ndogo ndogo, ukiacha robo inchi kutoka ukingoni. Mwanzo na mwisho rudia mshono mara mbili ili usifumuke. Kata kilichozidi, fungua, bonyeza kwa pasi. Fanya hivyo upande wa pili unaoelekeana. Sasa una umbo refu. Geuza, weka vipande vingine viwili kwenye pande ndefu zilizobaki. Tayari raundi moja imekamilika, na ukipima utapata mraba wa inchi 6 na nusu.

Rudia raundi ya pili, utapata inchi 9 na nusu. Raundi ya tatu, inchi 12 na nusu. Hiyo nusu ya ziada italiwa na mshono utakapounga bloku na zingine, na itabaki 12 kamili. Bloku 20, nne kwa upana na tano kwa urefu, zinakupa uso wa futi 4 kwa futi 5. Hiyo inatosha kujifunika ukitazama filamu.

Siri ni moja tu: ile robo inchi isibadilike. Ukiiba kidogo hapa na kuongeza kidogo pale, kufikia raundi ya tatu bloku yako itakuwa imepinda kama barabara ya mtaani kwetu. Yangu ya kwanza ilinichukua jioni tatu.

Kuhusu rangi, hapa ndipo wale akina mama wanafundisha kitu ambacho hakiko kwenye vitabu vya mafundi. Wana msemo wao wa kueleza kazi isiyofuata mchoro wa mtu: wanasema wameshona kwa njia yao. Utaona raundi tatu za buluu iliyotulia, halafu ghafla mstari mmoja mwekundu unakukodolea macho. Kitambaa kiliisha? Labda. Lakini mshonaji ndiye aliamua ule mwekundu ukae pale na si kwingine. Watu wakiona umaskini wa vifaa husahau kuona uamuzi. Mtu mwenye mabaki matano bado anachagua.

Nani alikula?

Miaka ya 1960, watu weusi ndio walikuwa wengi katika kaunti ya Wilcox, lakini walizuiwa kupiga kura. Watu wa Gee's Bend walipoanza kujipanga kwenda Camden, makao makuu ya kaunti, ili kujiandikisha, feri iliyokuwa ikiwavusha mto ikasimamishwa. Ilikuwa 1962. Safari fupi ya kuvuka maji ikawa mzunguko mrefu wa barabara, zaidi ya kilomita 60. Martin Luther King alifika kijijini Februari 1965 kuwatia moyo. Baadhi ya wapangaji waliojiandikisha eneo lile walifukuzwa kwenye ardhi. Na ile feri? Ilirudi 2006. Hesabu mwenyewe hiyo miaka.

Ni ndani ya moto huo ndipo viraka vikageuka pesa. Mwaka 1966 wanawake wa Gee's Bend na vijiji jirani, wakisaidiwa na kasisi mmoja aliyeitwa Francis X. Walter, walianzisha ushirika wakauita Freedom Quilting Bee. Fikiria chama cha akina mama, lakini chenye oda kutoka New York. Estelle Witherspoon akawa meneja. Mifarishi ilipigwa mnada New York, maduka makubwa yakaanza kuagiza, na 1972 kampuni ya Sears ikawapa kazi ya kushona foronya za kodrai. Mabaki ya kodrai hiyo yakarudi nyumbani yakawa mifarishi mingine mizuri ajabu. Kwa wengi wao hiyo ilikuwa mara ya kwanza kupokea mshahara kwa jina lao.

Haikuwa raha tupu. Maduka yalitaka kila kitu kifanane, kipimo kilekile, rangi zilezile. Ile njia yao ikabidi isubiri usiku, nyumbani. Lakini angalau ushirika ulikuwa wao, na hesabu walizifanya wao.

Halafu sanaa kubwa ikawagundua. Mkusanyaji wa sanaa kutoka Atlanta, William Arnett, aliona picha ya mfarishi wa Annie Mae Young, akamtafuta mpaka akampata, akanunua mingi kutoka kijijini. Mwaka 2002 maonyesho yakafunguliwa Houston, kisha yakaenda jumba la Whitney, New York, na wakosoaji wakubwa wakasifu kana kwamba wameona muujiza. Mwaka 2006 posta ya Marekani ikatoa stempu 10 zenye mifarishi ya Gee's Bend. Michoro ikaanza kuonekana kwenye mazulia na vitu vingine vya nyumbani.

Mwaka 2007 washonaji watatu, Annie Mae Young mwenyewe akiwa mmoja wao, walienda mahakamani kuwashtaki Arnett na washirika wake, wakidai hawakulipwa ipasavyo kutokana na kazi yao. Upande wa pili ulikana. Kesi zikaisha 2008 kwa makubaliano ya siri, kwa hivyo mimi na wewe hatuwezi kusema nani alikuwa na haki. Cha kujua ni kwamba mama mwenye zaidi ya miaka 70, ambaye kazi yake ilining'inia kwenye kuta za majumba makubwa, aliona lazima atafute wakili.

Na mambo hayajaisha. Mwaka 2024 kampuni moja kubwa ya maduka ya Marekani iliuza bidhaa zenye michoro ya washonaji watano wa Gee's Bend. Walitajwa kwa majina, hiyo ni hatua. Lakini walilipwa mara moja tu, bila fungu kutoka kwa kila kilichouzwa.

Hii si mara ya kwanza. Harriet Powers alizaliwa mtumwa Georgia mwaka 1837. Alishona mfarishi wenye hadithi za Biblia, na mwalimu mmoja wa sanaa akautaka sana. Powers alikataa kuuza. Miaka michache baadaye maisha yalipombana, akaomba dola 10, akapewa 5. Mfarishi huo sasa ni hazina kwenye jumba la makumbusho la taifa.

Na sisi tuna wetu

Kabla ya kusema hayo ni ya Marekani, fungua kabati la nyanya yako utoe leso.

Masimulizi ya pwani yanasema hivi. Karne ya 19, leso za mkononi, zile za mraba, zilikuja zikiwa zimeunganika kwenye jora moja refu, na mwenye duka alikukatia unazotaka. Wanawake wa pwani, Zanzibar na Mombasa, wakabuni kitu. Badala ya kununua moja moja, walikata urefu wa leso tatu, wakakata nyingine tatu, wakaunga pande hizo mbili kwa sindano. Leso sita zikawa vazi moja. Wafanyabiashara walipoona linapendwa, wakaagiza kitambaa kilichochapishwa kizima, bila mshono. Vazi likabaki na jina la asili, leso, na wengine wakaliita kanga.

Yaani vazi ambalo dunia nzima inalitambua kama letu lilianza kama kazi ya kuunga vipande. Sasa angalia upindo wa leso ya Mombasa: Mali ya Abdulla. Hiyo ni alama ya Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara maarufu wa Mombasa, na simlaumu kwa kuweka alama kwenye mali yake. Alifanya jambo la busara kabisa. Lakini mwanamke aliyesema "tuziunge hizi sita" tunamwita nani? Hatuna jina. Bibi Fulani wa Mtaa Fulani.

Ndiyo maana nasema kuhusu majina. Missouri Pettway tunamjua kwa sababu binti yake alikumbuka, na mtu akamuuliza, na mtu akaandika. Wa kwetu hakuna aliyeuliza.

Kwa hivyo ukinunua jaketi la viraka, uliza limeshonwa na nani. Kama muuzaji hajui jina la fundi wake, hilo lenyewe ni jibu. Kama wewe ndiye mbunifu na unamtumia fundi wa mtaani, mtaje kwenye picha, na mkubaliane malipo kabla kitambaa hakijakatwa: ni ya mara moja au ana fungu kila kinapouzwa? Muandikiane, hata kwa ujumbe wa simu. Kama wewe ndiye fundi, usikubali kulipwa kwa sifa. Sifa hailipi kodi ya nyumba.

Na ukimaliza bloku yako, igeuze. Upande wa nyuma, chukua kalamu isiyofutika au uzi wa rangi nyingine, uandike jina lako, mwaka, na kitambaa kilikotoka: shati la baba, sare ya shule, kitenge cha harusi ya shangazi. Dakika tano tu. Kuna mtu atakuja kuugeuza siku moja, na asihitaji kubahatisha.